Mizani ya Jikoni: Miezi Saba ya Kupima Kila Kinachoingia Nyumbani

Niliinunua mizani hii kwa hasira. Mfuko wa sabuni ya unga ambao kwa kawaida ulitufikisha mwisho wa mwezi ulikuwa mtupu tarehe 22, na kila mtu nyumbani aliapa kwamba hakuongeza hata kijiko kimoja. Nilihitimisha, kama anavyohitimisha yeyote anayesimama mbele ya keshia akiona jumla inapanda ilhali kikapu ni kilekile, kwamba tunapunjwa: kama si kiwandani basi ni njiani, na kama si njiani basi ni dukani. Nilichokitaka ni ushahidi. Sasa imetimia miezi saba tangu mizani hiyo iingie jikoni kwetu, na ingawa haikunipa ushahidi niliokuwa nikiutafuta, ilinipa mwingine ambao sikuuomba na ambao umetufaa zaidi. Ninayoyaandika hapa ni tathmini ya chombo chenyewe, lakini siwezi kukitathmini bila kueleza kilichonionyesha, kwa kuwa mizani isiyokuambia jambo usilolijua ni bamba la kioo tu linalokula nafasi kabatini.

Kwa umbo ni mizani ya kidijitali ya kawaida kabisa: bamba jembamba la kioo, miguu minne ya mpira, dirisha dogo la kusomea namba, na vitufe viwili. Kitufe kimoja ni cha kuwashia, na hichohicho ndicho cha kurudisha sifuri. Kingine ni cha kubadilisha kipimo kutoka gramu kwenda aunsi, ratili na mililita. Inabeba hadi kilo 5 na inaonyesha tofauti ya gramu 1. Silitaji jina lililobandikwa juu yake, maana nimekwisha kuona mizani inayofanana nayo mpaka kwenye kovu dogo la plastiki lililo pembeni ya kifuniko cha betri, ikiuzwa kwa majina mengine mawili na kwa bei tatu tofauti. Atakayenunua aina hii hana sababu ya kulipia jina.

Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo mno kikibebeshwa mzigo. Juu ya chuma hicho zimegandishwa nyaya nyembamba ambazo ukinzani wake wa umeme hubadilika zinapovutwa, na saketi ndogo huligeuza badiliko hilo kuwa namba. Kuyajua haya kuna faida ya moja kwa moja kwa mtumiaji. Mizani ya namna hii inataka kukaa juu ya kitu kigumu na tambarare, kwani bamba likigusa chochote pembeni, sehemu ya uzito hupitia huko na chuma hakiupati. Nilipoiweka juu ya kitambaa kinene cha meza, mzigo wa kilo 2 ulisomeka pungufu kwa gramu 6. Vilevile haipendi kuhifadhiwa ikiwa imebebeshwa sufuria, jambo ambalo ndilo la kwanza tunalolifanya kwa sababu ni nyembamba na kabati limejaa.

Wauzaji wana kawaida ya kulipitia haraka suala la usahihi, kana kwamba mizani inayoonyesha gramu mojamoja ni mizani iliyo sahihi kwa gramu moja. Hayo ni mambo mawili tofauti. Saa inaweza kuonyesha sekunde na bado ikawa nyuma kwa dakika kumi. Nilitaka kujua yangu imesimama wapi, na hapo ndipo nilipogundua jinsi ilivyo vigumu kupata uzito wa kuaminika nyumbani. Chupa ya maji ya lita 1 haitoshi, kwa sababu hata ukiondoa uzito wa chupa tupu, hujui kiwanda kilijaza kiasi gani hasa. Ungekuwa unamhukumu mshukiwa kwa kauli ya mshukiwa mwenziwe. Sarafu ni bora kidogo, kwa kuwa mamlaka zinazozitoa hutangaza uzito wake: sarafu ya yuro 1, kwa mfano, ina gramu 7.5, hivyo 20 kati yake zinapaswa kusoma gramu 150. Mimi nilifanya majaribio mawili. La kwanza halihitaji kitu chochote cha kuaminika: unapima kitu kimoja, kisha cha pili, kisha vyote pamoja, na kuangalia kama jumla inakubaliana, halafu unakihamisha kitu hichohicho kutoka katikati ya bamba hadi kwenye kila pembe. Jumla ilipishana kwa gramu 1, na pembe moja ilisoma gramu 2 zaidi. La pili lilikuwa kupeleka mfuko uliofungwa kwenye duka lenye mizani ya biashara iliyogongwa muhuri wa wakaguzi wa vipimo na kuomba nipimiwe. Tofauti kati ya mizani yao na yangu ilikuwa gramu 2 kwenye kilo moja na kitu. Kwa chombo cha jikoni nimeridhika, na wala sioni haja ya kudai zaidi. Hata kilo ya dunia nzima, hadi tarehe 20 Mei 2019, ilikuwa silinda ya platini na iridi iliyofungiwa karibu na Paris, na nakala zake zilipolinganishwa nayo zilionekana kuachana nayo kwa takriban mikrogramu 50 katika muda wa karne moja.

Kitufe cha mililita, hata hivyo, ni pambo. Mizani haina njia ya kujua ujazo. Inachofanya ni kuchukua gramu na kuziita mililita, kwa dhana kwamba kila kinachowekwa juu yake ni maji. Kwa maji dhana hiyo inakaribia ukweli, lakini kwa sabuni ya maji, ambayo ni nzito kuliko maji, utasoma namba isiyokuwepo. Kasoro nyingine iliyonichukua wiki mbili kuielewa ni kwamba ukiimimina poda polepole sana, punje kwa punje, namba hubaki kwenye sifuri. Si kwamba mizani imekufa. Imetengenezwa ili ipuuze mabadiliko madogo madogo karibu na sifuri, ili namba zisichezecheze hovyo, na kwa hiyo inadhani kwamba poda yako ni mtikisiko. Dawa yake ni kumimina kwa mkupuo na kisha kupunguza, au kutorudisha sifuri kabisa: acha uzito wa kikombe usomeke, mimina, kisha utoe mwenyewe kwa kichwa. Karatasi ya maelekezo haikugusia jambo hili hata kwa neno moja, ingawa ilipata nafasi ya kunionya kwa lugha nne nisiitumbukize mizani majini.

Nilianza na mfuko mpya wa sabuni ya unga ulioandikwa kilo 1. Ulisoma gramu 1,007, nami, nakiri, nilivunjika moyo kwa kutopunjwa. Furaha ya mlalamikaji ilirudi siku mfuko ulipoisha na nikaupima ukiwa mtupu: gramu 19. Kumbe sabuni yenyewe ilikuwa gramu 988. Nilikwisha kuandika nusu ya barua ya malalamiko, yenye maneno makali, kabla sijaenda kusoma kanuni zinasemaje.

Kanuni zinasema hivi. Kwa bidhaa zinazofungwa kiwandani kwa kipimo kimoja, mapendekezo ya OIML, ambalo ni shirika la kimataifa la masuala ya vipimo vya kisheria, na ambayo nchi nyingi huyafuata kwa namna moja au nyingine, hayadai kwamba kila pakiti iwe na uzito uleule ulioandikwa, kwa sababu hakuna mashine inayoweza kufanya hivyo. Yanachodai ni kwamba wastani wa shehena usiwe chini ya kilichoandikwa, na kwamba pakiti mojamoja zisipungue kupita kiwango. Kwa pakiti ya kati ya gramu 500 na kilo 1, upungufu unaovumiliwa ni gramu 15. Kwa ile ya kati ya gramu 100 na 200, ni asilimia 4.5. Pakiti chache tu, zisizozidi asilimia 2.5, zinaweza kuuvuka upungufu huo, na hakuna hata moja inayoruhusiwa kupungua mara mbili yake. Ule mfuko wangu wa gramu 988 ulikuwa ndani ya haki. Tena, kwa kuwa wastani ndio unaohesabika, penye mfuko uliopungua lazima pawepo uliozidi, na kweli upo: katika mifuko 12 niliyoipima tangu wakati huo, minane ilikuwa juu ya kilo, na mmoja ulifika gramu 1,013. Barua niliichana. Atakayepima mfuko mmoja na kupiga kelele atakuwa ameonja tone moja na kuuhukumu mtungi mzima.

Sabuni ya kipande ilinipa kesi iliyoonekana nzito zaidi. Kipande kilichoandikwa gramu 175 kilisoma gramu 163 baada ya kuvuliwa karatasi, yaani upungufu wa gramu 12, ilhali asilimia 4.5 ya 175 haifiki hata gramu 8. Hapa nilijiona nimemkamata mtu. Kabla ya kuandika barua nyingine, nilinunua kipande cha aina hiyohiyo kutoka kwenye boksi lililokuwa limefunguliwa siku hiyo, kikasoma 174. Nikakivua karatasi, nikakiweka juu ya rafu, nikawa nakipima kila Jumamosi. Mwezi ulipoisha kilikuwa gramu 168. Miezi mitatu ilipotimia kilikuwa 161. Hakuna aliyekigusa. Sabuni ya kipande hutoka kiwandani ikiwa na maji ndani yake, na maji hayo huendelea kuondoka polepole hata ikiwa imefungwa kwa karatasi, kwa hiyo uzito ulioandikwa ni ule wa siku ya kufungwa. Kipande changu cha gramu 163 kilikuwa kimekaa tu dukani kwa muda mrefu, na kilichopotea ni maji ambayo hayaogeshi mtu. Tangu hapo mimi ndiye ninayechagua vipande vya zamani, vile vigumu, kwa kuwa haviyeyuki haraka kwenye kisahani.

Kwa hiyo wizi niliouwazia haukuwepo, angalau si ndani ya pakiti. Upo mwingine ambao ni halali kabisa na ambao mizani, kwa bahati mbaya, haiwezi kuukamata, kwani hufanyika hadharani na huandikwa kwenye lebo. Poda yetu ya kusugulia masinki ilikuwa ya gramu 500. Katika mwezi wa nne niligundua kwamba inaandikwa gramu 425, kwa bei ileile, kwenye kopo lenye urefu uleule ambalo kitako chake kimebonyezwa ndani kama kiganja kinachokinga maji. Nisingegundua kama nisingekuwa na mazoea mapya ya kupima, kwa maana mizani ilisoma 427 nami nikadhani imeharibika. Upungufu huo ni wa asilimia 15, lakini kupanda kwa bei kunakotokana nao ni asilimia 17.6, na hesabu hii huwaponyoka wengi: ukipunguza kilichomo huku bei ikisimama, bei ya kila gramu hupanda kwa kiwango kikubwa kuliko kile cha upunguzaji. Kutoka gramu 1,000 hadi 900 si ongezeko la asilimia 10, ni asilimia 11.1. Ufaransa, tangu tarehe 1 Julai 2024, imeyalazimisha maduka yenye ukubwa unaozidi mita za mraba 400 kubandika tangazo karibu na bidhaa ya namna hii kwa miezi miwili, likieleza kwamba kilichomo kimepungua na bei ya kipimo imepanda. Pasipo na sheria kama hiyo, kumbukumbu ni ya mnunuzi mwenyewe. Mimi nimeanza kukata lebo za pakiti tupu na kuzibandika kwenye daftari, tabia ambayo mke wangu huionea haya wageni wanapokuja.

Bei ya kipimo, yaani bei ya kila kilo au kila lita, ndiyo namba pekee ya kuaminika kwenye rafu, na katika nchi za Umoja wa Ulaya maagizo ya mwaka 1998 yanataka ionyeshwe pamoja na bei ya kuuzia. Kwingine mtu hujitafutia kwa kikokotoo cha simu. Taabu huja pale bidhaa mbili zinazoshindana zinapotumia vipimo tofauti, sabuni moja ya maji ikiuzwa kwa gramu na jirani yake kwa mililita, na hapo mizani ilinisaidia kweli: nilipima mililita 100 za kila moja kwa kikombe kilekile na kukuta zote mbili zikiwa na takriban gramu 103, hivyo ile ya gramu 750 ilikuwa na mililita 728 au karibu na hapo, ingawa chupa yake ilikuwa pana na yenye kuvutia macho kuliko ile ya mililita 750. Tofauti ni ndogo. Kubwa zaidi ilikuwa ile ya mfuko ulioandikwa kwa herufi nene kwamba ni wa familia na ni wa kuokoa, ambao kwa kila gramu 100 ulikuwa ghali kuliko mifuko miwili midogo iliyopangwa chini yake, karibu na sakafu, mahali ambapo mtu mzima hatazami mpaka afunge kamba ya kiatu.

Sasa nifike kwenye ule mfuko uliokauka tarehe 22. Baada ya kuwaondolea hatia kiwanda, dereva na muuzaji, mshukiwa aliyebaki alikuwa nyumbani. Sabuni yetu ya unga huja na kikombe cha plastiki chenye mistari mitatu iliyochongwa kwa ndani, mistari myembamba isiyo na rangi ambayo huonekana tu ukikielekeza kikombe kwenye dirisha. Kikijazwa pomoni hubeba gramu 118. Hilo nilipima mara tano. Mstari wa kati, ambao kwa maelezo ya nyuma ya mfuko ndio unaofaa nguo zenye uchafu wa kawaida, ni gramu 70. Niliwauliza wote nyumbani, mmoja mmoja, wanajaza mpaka wapi. Kila mmoja alinitazama kana kwamba nimeuliza chupa ya maji hujazwa mpaka wapi. Aliyenijibu kwa busara ni binti yangu, ambaye alikichukua kikombe, akakigeuzageuza kwenye mwanga, na kusema: "Baba, kama ni cha kujaza mpaka juu, mistari ni ya nini?"

Hesabu yake ni nyepesi na haipendezi. Gramu 118 ukitoa 70 ni gramu 48 zinazopotea kila tunapofua. Tunafua mara nne kwa wiki, hivyo ni gramu 192 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni gramu 9,984, yaani karibu mifuko 10 ya kilo moja kwa mwaka, ambayo tulikuwa tunainunua, tunaibeba hadi nyumbani, na kuimwaga kwenye bomba la maji machafu. Ukilinganisha na zile gramu 12 zilizonifanya nichukue kalamu kuandika barua, kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii ni nguoni kwa maana halisi. Tena kuna la ziada: kipimo cha mstari wa kati ni kwa mashine iliyojaa, ilhali nilipoweka kapu la nguo juu ya mizani na kuzipima kwa mafungu, niliona kwamba tunafua kilo tatu na nusu kwa mara moja katika mashine ya kilo 7. Tumeacha hilo. Sasa tunasubiri zijae, tunafua mara tatu badala ya nne, na tunaweka gramu 70. Nguo hazijachafuka zaidi ya zilivyokuwa. Za rangi nyeusi, ambazo zamani zilitoka na michirizi myeupe ambayo tulikuwa tukiilaumu mashine, hazina michirizi tena, kwa sababu ile ilikuwa ni sabuni iliyokosa maji ya kuisuuza. Sitaki kumvika kiwanda taji la malaika, hata hivyo. Mtu aliyebuni kikombe kinachobeba karibu mara 1.7 ya kipimo kinachohitajika, na kisha akaichonga mistari isiyoonekana, hakuwa amesinzia.

Kwa mkondo huohuo nilipasua kwa mkasi tyubu ya dawa ya meno iliyotangazwa kuwa imekwisha na kupima kilichobaki ndani: gramu 9 kwenye tyubu ya gramu 100. Chupa ya sabuni ya vyombo iliyopinduliwa usiku kucha ilitoa gramu 14 nyingine. Haya ni madogo, na sidai kwamba kila mtu akae na mkasi bafuni, ila ni vizuri kujua kwamba neno "imekwisha" nyumbani kwetu lilikuwa na maana ya "imeanza kusumbua kutoka".

Narudi kwenye mizani yenyewe, kwa sababu nayo ina deni. Inatumia betri bapa ya mviringo kama sarafu, ile ya namba CR2032, na betri iliyokuja nayo ilidumu majuma saba tu. Betri ya aina hiyo huhifadhi takriban miliampea-saa 220, wakati betri ya kawaida ndogo ya AAA ya alkali huwa na takriban 1,000, inapatikana kila mahali na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Kibaya zaidi ni kwamba betri ilipoelekea kufa, namba zilianza kuyumba kwa gramu 5 au 6 siku kadhaa kabla alama ya onyo haijatokea, na vipimo vyangu vyote vya wiki hiyo ilibidi nivifute. Kuna pia suala la usalama ambalo silichukulii kama mzaha: kifuniko cha betri hakina skrubu, na betri ya namna hii ikimezwa na mtoto inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Nyumbani kwetu kifuniko kimezibwa kwa utepe wa gundi mizunguko miwili. Mtengenezaji alipaswa kulifanya hilo, si mimi.

Kero nyingine ni za kila siku. Dirisha la namba liko karibu mno na bamba, hivyo bakuli lolote pana hulifunika na mtu analazimika kuinama kana kwamba anachungulia chini ya mlango. Mizani hujizima yenyewe baada ya dakika 2, na ikijizima husahau sifuri uliyoiweka, kwa hiyo ukiitwa nje kidogo unarudi kuanza upya. Katika mwezi wa tano kitufe cha sifuri kilianza kugoma, nadhani kwa sababu ya unyevu uliopenya chini ya ngozi yake ya plastiki nilipokuwa nikiifuta. Dhamana ilikuwa ya mwaka mmoja. Nilipoitoa risiti kwenye droo iliyo karibu na jiko, ilikuwa karatasi nyeupe isiyo na hata nukta moja, kwa kuwa risiti nyingi za siku hizi huchapwa kwa joto kwenye karatasi yenye kemikali, na maandishi yake hufifia yakikaa muda mrefu mahali penye joto au mwanga. Dukani walikataa kuipokea. Niliwaonyesha tarehe ya malipo kwenye taarifa ya benki, wakasema inaonyesha kwamba nililipa, haionyeshi nilinunua nini. Nimeikasirikia hoja hiyo kwa muda, kisha nikakubali kwamba ningekuwa mimi upande wa pili wa kaunta ningeisema. Sasa kila risiti ya kitu chenye dhamana huipiga picha kabla sijatoka kwenye mlango wa duka. Mizani niliiondolea betri, nikaiacha mahali pakavu kwa siku mbili, na kitufe kikarudi, ila kinataka kubonyezwa kwa ukucha.

Je, ninaipendekeza? Kwa nyumba yenye watu wengi, inayofua mara kadhaa kwa wiki na kununua bidhaa zake kwa kilo, ndiyo, na kwetu ilikuwa imerudisha gharama yake kabla ya mwezi wa tatu kwisha, kwa sabuni peke yake. Kwa mtu anayeishi peke yake na kufua mara moja kwa wiki sioni kama itajilipa mapema. Afadhali aazime ya jirani kwa siku moja, apime vikombe vyake vyote, aiweke mistari yake, na airudishe. Mimi mwenyewe siipimii sabuni kila siku. Kikombe chetu kimechorwa mstari mnene wa wino mweusi kwa nje, kwenye gramu 70, na mizani hushuka kabatini mara moja kwa mwezi, au pale pakiti inapobadilisha sura ghafla. Kitufe kikifa kabisa nitanunua nyingine, safari hii ya betri za AAA, yenye skrubu kwenye kifuniko na dirisha lililosogezwa mbali na bamba, na nitalipa zaidi kidogo kwa ajili ya hayo matatu.